Namna ya Kuburudika kwa Rangi za Maji Bila Kukamatwa

Kama unataka kuanza burudani hii kwa amani, usiingie duka la vifaa vya ujenzi ukasema unataka rangi ya maji. Mimi nilisema hivyo Kariakoo. Kijana wa kaunta akaniuliza kwa utaalamu wote: "Ndoo ya lita ishirini au galoni, mzee? Vyumba vingapi?" Nikamwambia si vyumba, ni mandhari. Akatafakari. "Basi ni ya nje. Chukua hii, mvua haiibandui." Tukaachana kwa heshima, mimi sina rangi, yeye ana hakika kwamba Mandhari ni jina la baa yangu mpya.

Vilevile usimwambie mtu kwamba siku hizi unapaka rangi. Neno hilo lina wenyewe. Mimi nililisema kwenye msiba mmoja, na wiki haikwisha kabla mashemeji wawili hawajaniletea vipimo vya mageti na jirani hajaniuliza kama nafanya na plasta. Sema unachora. Wakiuliza unachora nini, jibu "mandhari", kisha tazama mbali kidogo. Watakunyamazia kama wanavyomnyamazia mtu aliyesema anasomea falaki.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya watu wa rika langu: tuliovuka hamsini, tunaoketi ofisini, tuliokwisha kuambiwa na daktari tupunguze mawazo. Daktari wangu alilitamka hilo kwa sauti ileile anayoniambia nipunguze chumvi, ila hakunieleza mawazo huwa yanatiwa kwenye chakula gani. Mimi ni mhasibu. Mawazo ndiyo mshahara wangu. Basi nikasoma mahali kwamba hakuna kitu kinachohuisha nafsi kama kuchora mandhari kwa rangi za maji: mtu huketi ukingoni mwa mto, peke yake, kimya, akachovya brashi, na mizigo ya dunia ikachukuliwa na mkondo. Sentensi nzuri. Ina uongo mahali pawili tu, kwenye "peke yake" na kwenye "kimya". Tutafika huko.

Hatua ya kwanza ni kununua vitu. Ndiyo hatua tamu kuliko zote, na wengi wenye busara hawavuki hapo.

Anza na karatasi. Karatasi ya ofisini ina uzito wa gramu 80 kwa mita ya mraba; ukiimwagia maji inajikunja kama chapati iliyosahauliwa juani. Inayotakiwa ni ya gramu 300, na iliyo bora hutengenezwa kwa pamba tupu. Niliposoma hivyo nilifurahi kizalendo. Pamba si tunayo? Shinyanga na Simiyu si wanalima? Kumbe sehemu kubwa ya pamba yetu huuzwa nje ikiwa ghafi, na karatasi ya pamba inatoka mahali kama Fabriano, mji wa Italia ambao umekuwa ukitengeneza karatasi tangu karne ya 13. Daftari moja la karatasi ishirini nilipiga hesabu yake kwa kuku wa kienyeji: wanne, tena bila viungo vya mchuzi. Ndiyo maana hatua ya pili ni kuiogopa karatasi. Iweke kabatini miezi mitatu. Itoe siku za wageni, waipapase, uirudishe.

Brashi za kifahari hutengenezwa kwa manyoya ya mkia wa mnyama wa Siberia wa jamii ya kicheche. Sifa yake ni kwamba hubeba maji mengi na ncha bado ikabaki kali kama sindano. Dosari yake ni kwamba ukishajua bei hutathubutu kuilowesha. Ninayo moja, namba 8. Zilizobaki zote ni za nailoni, na sijaona mto uliolalamika.

Rangi yenyewe ni unga uliosagwa laini ukakorogwa na utomvu wa mgunga, ule unaovunwa zaidi Sudan, ambao vilevile umo kwenye soda nyingi tunazokunywa. Kwa hiyo usiogope; nusu ya kazi hii umekuwa ukiimeza tangu utotoni. Na nusu nyingine umeivaa. Kuna rangi inaitwa ultramarini, buluu nzito ya kuingia moyoni. Kwa karne nyingi ilitolewa kwenye jiwe la lapis lazuli lililochimbwa milima ya Badakhshan, Afghanistan, na huko Ulaya ilikuwa ghali kiasi kwamba wachoraji waliiweka akiba kwa ajili ya joho la Bikira Maria. Mwaka 1824 chama kimoja cha Ufaransa kikatangaza zawadi ya faranga 6,000 kwa atakayeweza kuitengeneza kiwandani, na mwaka 1828 zawadi ikaenda kwa Jean-Baptiste Guimet. Bei ikaporomoka. Iliporomoka mpaka ikatua kwenye beseni la bibi yangu, kwa maana ile buluu ya kufulia ya zamani, iliyoyafanya mashati meupe ya shule yang'ae, ilikuwa ultramarini hiyohiyo. Joho la Bikira Maria na kola yangu ya darasa la tatu ni ndugu wa tumbo moja. Hili linafurahisha sana kulijua, na halisaidii chochote katika kuchora.

Muuzaji atakushawishi ununue boksi la rangi 48. Nunua, usimvunje moyo. Utatumia sita.

Majina ya kigeni kwenye tyubu yasikubabaishe. Kiswahili kilikuandalia boksi lako kabla hujazaliwa. Kijani ni jani. Kijivu ni jivu. Kahawia ni kahawa, manjano ni ile ya pilau na kikohozi, zambarau ni tunda lililokuchafulia shati, ugoro umo kwenye leso ya babu, na kwa mwenye moyo mgumu ipo damu ya mzee. Waliozipa rangi majina haya ni watu waliotazama kitu kwanza, ndipo wakasema. Jina moja tu ndilo lililoniponza, nalo ni bluu bahari.

Ila ili uone lilivyoniponza, kwanza tuchague mahali. Miongozo ya kawaida itakutuma Kilimanjaro, mlima unaoonekana alfajiri kabla hujaamka na jioni ukishafunga boksi. Mwachie Sam Ntiro, mzaliwa wa Machame wa mwaka 1923 aliyewahi kuwa balozi wetu London, ambaye alichora Uchaga kwa haki ya mwenye nyumba. Picha zake utakuta zimejaa watu: wanavuna, wanakata kuni, wanabeba pombe ya ndizi. Ningezitazama kwa makini mapema ningejua kinachonisubiri. Mimi nilichagua Pangani kwa sababu za kisanii kabisa: ni ukweni, na shemeji ana chumba cha wageni.

Pangani ni mahali pa kuchorwa. Mji uko ukingo wa kaskazini wa mto, ng'ambo yake ni Bweni, katikati kuna kivuko. Mto wenyewe unaanzia kwenye maji ya Kilimanjaro na Meru, unapumzika bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha unateremka, jumla ya kilomita kama 500, kuja kumwagika Bahari ya Hindi mbele ya macho yako. Kuna minazi, kuna majumba ya kale yenye milango iliyochoka kufunguliwa, na kwa nyuma mashamba ya mkonge yamepangwa mistari kama daftari la hesabu. Nikaketi. Nikakamua bluu bahari. Nikaupaka mto bluu, nikarudia mara ya pili ili nisionekane mwoga.

Kijana mmoja aliyekuwa anasubiri kivuko akaja kusimama nyuma yangu. Akatazama karatasi, akatazama mto, akatazama karatasi.

"Mzee, samahani. Huu unaochora ni mto gani?"

Ilikuwa mwezi wa nne, masika yamekolea. Mto Pangani mwezi wa nne ni chai ya maziwa yenye tangawizi. Unateremka na udongo wa mashamba ya watu, na pale unapokutana na bahari chai hiyo inaingia chumvini taratibu, inatengeneza mstari ambao ukiuona mara moja huachi kuutafuta. Nilikuwa nimeuvuka mto ule kwa zaidi ya miaka ishirini, nikiwa na mahari, nikiwa na watoto, nikiwa na jeneza la baba mkwe, na muda wote huo kichwani mwangu ulikuwa bluu. Kijana akapanda kivuko akaenda zake. Mimi nikabaki nimeshika brashi kama mtu aliyeulizwa jina la mkewe akalikosa.

Sasa uchoraji wenyewe. Jambo la kwanza la kuzoea ni kwamba katika rangi za maji hakuna nyeupe. Nyeupe ni karatasi. Ukitaka tanga jeupe la jahazi, unaliacha; unapaka anga, unapaka maji, unalizunguka tanga kwa adabu kama unavyouzunguka mkeka wa mtu anayeswali. Ukishalikanyaga, basi. Mimi katika kazi yangu kosa la leo hurekebishwa kwa ingizo la kesho. Huku ingizo la pili ndilo hasara yenyewe. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia rangi ya baiskeli juu ya vipande vya mbao za dari, na rangi ile ni nzito, inafunika: chui akikosewa mguu, anapewa mwingine. Rangi ya maji ni kama kanga iliyofuliwa mara nyingi. Kila kilicho chini kinaonekana juu.

Anga hupakwa hivi. Unalowesha karatasi kwa maji safi, unaulaza ubao kwa mteremko kidogo, unaanzia juu na rangi iliyokolea, unashuka ukiongeza maji. Ukifika chini unaacha. Kuacha ndiyo kazi yenyewe; kupaka anaweza kila mtu. Mkono utakuwasha. Utaona kona moja haijakaa vizuri na utajiambia unaigusa tu kidogo. Ukiigusa kabla haijakauka, maji mapya yanaisukuma rangi pembeni na kuchanua koliflawa katikati ya mbingu. Mbingu zangu saba za mwanzo zote zina koliflawa. Mke wangu huziita picha za soko la Lushoto.

Vilima vya mbali vipake kwa rangi nyepesi iliyoelekea bluu, maana hewa ndivyo inavyovifanya. Rangi ikikauka hufifia, kwa hiyo ikoleze kuliko unavyotaka. Usichanganye rangi zaidi ya tatu kwa pamoja, utapata tope (isipokuwa unachora mto Pangani mwezi wa nne, hapo changanya hata tano). Na kama uko pwani wakati wa masika, fahamu kwamba vitabu vinavyosema "subiri dakika kumi ikauke" viliandikwa kwingine. Picha yangu ya pili niliichora Jumapili ikakauka Jumatano. Dodoma, kwa upande mwingine, niliwahi kwenda kikazi nikajaribu. Anga lilikauka likiwa bado kwenye brashi.

Hatua ya kuituma picha kwenye kundi la familia la WhatsApp nashauri uiruke. Shangazi aliandika: "Mashallah, mjukuu ana kipaji, mwendeleze."

Kama unahitaji mfano wa mkubwa ili usijione umepotoka, yupo Winston Churchill. Alianza kuchora mwaka 1915, ana miaka 40, baada ya mpango wake wa Dardanelles kuharibika na yeye kuondolewa Wizara ya Jeshi la Majini. Alianza na kiboksi cha rangi za maji cha watoto, baadaye akahamia rangi za mafuta na hakuacha maisha yake yote. Wahubiri wa kuhuishwa nafsi humtaja sana. Hawamtaji yule kijana mwingine wa zama zilezile, aliyekataliwa na chuo cha sanaa cha Vienna mwaka 1907 na tena 1908, akawa anaishi kwa kuuza vipicha vya rangi za maji vya majengo ya mji. Huyo ni Adolf Hitler. Alichora mamia, na nafsi ikabaki ilivyo.

Kwa hiyo sitakudanganya kuhusu tiba. Nitakuorodheshea madhara tu, kama yanavyoandikwa kwenye kile kikaratasi cha dawa ambacho hakuna anayekisoma. Presha yangu haijashuka. Daktari amebadilisha vidonge. Lakini utaanza kuona kwamba kivuli kwenye ukuta mweupe saa nane mchana ni zambarau. Utapitwa na daladala kwa sababu ya bati lenye kutu. Kwenye kikao cha bajeti nilikitazama kipara cha mkurugenzi kwa muda mrefu, nikitafuta kujua kama ule mwanga wa dirishani ungekuwa karatasi tupu au manjano iliyozimuliwa sana, mpaka akaniuliza kama nina swali. Utasahau simu mfukoni. Siku ya tatu pale ukingoni niliangalia saa nikakuta zimekatika saa tatu na dakika arobaini, na katika muda wote huo sikukumbuka deni hata moja, langu wala la kampuni. Dalili hizi zikikusumbua, acha kuchora mara moja urudi kwenye taarifa ya habari.

Sasa tufike kwenye "peke yake".

Rangi za maji zilitufikia ndani ya mizigo ya wapelelezi. James Augustus Grant, aliyefuatana na Speke kutafuta chanzo cha Nile, aliachwa Karagwe kwa Mfalme Rumanika mwanzoni mwa 1862 kwa sababu mguu wake ulikuwa umeharibika kwa kidonda hata hawezi kutembea, na Speke akatangulia Buganda. Katika safari ile Grant alichora, na picha zake za rangi za maji bado zipo. Mkono wake ulikuwa mzuri. Tatizo ni kwamba watu wa namna ile walipomaliza kuchora, nyuma yao zilikuja bendera, na Pangani wanalijua hilo vizuri kuliko wengi: ndipo vita vya Abushiri vilipowaka mwaka 1888 Wajerumani walipotaka kuushika mji, na ndipo Abushiri bin Salim mwenyewe aliponyongwa Desemba 1889. Basi mtu akija na kigoda, akakaa mbele ya kiwanja cha watu, akafumba jicho moja, akanyoosha mkono wenye kalamu kupima mnazi, halafu akaandika kitu kwenye karatasi, usitarajie wenye kiwanja wamwone amekuja kuhuisha nafsi.

Siku hizi mtu wa namna hiyo haji na bendera. Anakuja na rangi nyekundu, anachora X ukutani, anaondoka bila kuaga, na baada ya miezi kadhaa linafika tingatinga. Lile la chuma, si la msanii.

Haya yote nilikuwa nayajua. Na bado nikavuka kwenda Bweni, nikakaa mbele ya nyumba ya udongo yenye bati la kutu na minazi mitatu, nikafungua tyubu nyekundu kwa ajili ya kutu. Mtoto mmoja akaiona ile nyekundu, akatoka mbio. Dakika mbili hazikupita akatokeza bibi mmoja amejifunga kanga, mkononi ana mwiko.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Umetumwa na nani?"

"Sijatumwa, bibi. Nachora tu."

"Unachora nini?"

"Mandhari."

"Hiyo mandhari iko wizara gani?"

Nikamwonyesha karatasi. Kufikia hapo tulikuwa watu kumi na wawili, mbuzi wawili, na muuza samaki mwenye baiskeli aliyeninong'oneza nikimbie kabla mwenyekiti hajafika. Mwenyekiti wa kitongoji akafika. Alinisalimu vizuri, akaniuliza hali ya Dar es Salaam, akaniuliza hali ya mvua, ndipo akaomba barua ya utambulisho. Nikamwambia, kwa unyenyekevu, kwamba mtu hahitaji barua ili kutazama minazi.

"Kutazama hahitaji," akasema. "Kuandika anahitaji."

Ushauri kwa anayeanza: hapa usibishane. Mwenyekiti alikuwa sahihi. Toa kitambulisho, taja shemeji ni nani, taja baba mkwe alizikwa wapi. Nilipotaja makaburi, watu watatu wakasema "aaa", na kigoda changu kikasogezwa kivulini. Ila bibi hakuwa anasikiliza ukoo. Alikuwa ameikodolea macho picha.

"Mbona minazi miwili?"

Hapo nikafanya kosa la kumweleza sanaa. Nikamwambia ule wa tatu, wa pembeni kabisa, nimeuacha makusudi, kwa sababu vitabu vinakataza kuweka kitu kizito ukingoni mwa picha. Jicho la mtazamaji hutoroka.

"Linalotoroka ni lako," akasema bibi. "Ule mnazi aliupanda marehemu mume wangu. Yule bwana wa upande wa pili anasema ni wake. Leo anakuja mtu kutoka Dar es Salaam, msomi, anaandika nyumba yangu mbele ya mwenyekiti, na mnazi hauandiki. Watu watasema nini?"

Msomaji wa bara pengine atashangaa. Pwani mnazi si pambo. Mti unaweza kuwa na mwenyewe na ardhi iliyo chini yake ikawa na mwenyewe mwingine; unarithiwa, unawekwa rehani, unagombewa na wajukuu wa watu waliogombana. Mimi nilikuwa nimeufuta kwa sababu ya mpangilio.

Nikauongeza. Bahati ni kwamba giza juu ya mwanga hukubali hata anga likishakauka. Ingekuwa tanga jeupe tungelala pale. Nikaupaka shina kwa kahawia na ugoro kidogo, nikauinamisha upande wa nyumba ya bibi, kama ulivyo kweli.

"Zaidi," akasema bibi.

Nikauinamisha zaidi kidogo. Mwenyekiti akakohoa. Mimi ni mhasibu; nakijua kikohozi kile.

Kisha bibi akaiomba picha. Kusema kweli sikuwa na nia ya kuitoa. Ilikuwa ya kwanza ambayo anga lake halikuwa na koliflawa, mto ulikuwa wa chai kama ulivyo, na ile kutu ya bati ilikuwa imejichanganya yenyewe kwenye maji kwa namna ambayo nisingeweza kuirudia kwa kiapo. Nilikuwa bado natafuta maneno ya kukataa wakati mwenyekiti alipotoa muhuri mfukoni, akaupulizia pumzi, akaugonga kona ya chini kulia, palepale nilipokuwa nimejiwekea nafasi ya saini yangu. Akaandika tarehe. Wino wa zambarau ukaingia kwenye karatasi ya Fabriano iliyokuwa haijakauka vizuri, ukatambaa taratibu kuelekea kwenye mchanga, ukawa kivuli kizuri kuliko vyote nilivyowahi kupaka.

Nikaletewa muhogo uliopikwa kwa nazi. Nazi ya mnazi wa kesi. Nikala kielelezo chote, nikaongezewa.

Picha iko Bweni, ndani ya sanduku la bibi, pamoja na cheti chake cha ndoa. Wiki iliyopita nimepigiwa simu na yule bwana wa upande wa pili. Ameuliza kwa adabu nauli ya kutoka Dar es Salaam siku hizi ni shilingi ngapi, na kama mtu akikaa kwake na kigoda, mnazi unaonekana umeinamia wapi.